Mama, Imani na Imana

Jumapili, Nyakisasa. Mvua ilianza watu wakiwa bado wanatoka kanisani, ikapiga mpaka saa tisa, kisha ikakatika ghafla na jua likatoka kana kwamba halikuwa na habari. Nimekaa barazani na simu. Mtandao unakuja na kuondoka, na akili yangu hivyo hivyo.

Leo nimemsahihisha mama yangu neno moja. Herufi moja, kwa kweli. Sijui kama nimefanya jambo jema au nimeharibu kitu ambacho sina uwezo wa kukitengeneza.

Naandika labda nitaelewa. Nyinyi wachache mnaopita humu, mkielewa kabla yangu, mniambie.

Nianze na Deo. Mdogo wangu Deogratias alifariki mwaka juzi, kwa ugonjwa ambao ulimlaza siku chache tu na sisi tulidhani ni malaria ya kawaida. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mama. Baada ya mazishi mama hakugombana na Mungu, hakulalamika, hakusema neno baya. Aliacha tu kusali. Rozari aliitundika kwenye msumari pale anapotundika ungo, na kila akichukua ungo rozari inacheza kidogo, basi.

Zamu ya sala za jumuiya ilipofika kwetu, alifagia uwanja, akatandika mikeka, akaazima viti kwa jirani, akachemsha chai ya kutosha watu wote. Walipoanza tu ishara ya msalaba, akachukua jembe akaenda shambani. Alirudi walipomaliza, akawamiminia chai huku akiwauliza habari za watoto wao. Paroko naye alikuja, kijana mpole, akamwamkia shikamoo kabla hata ya Tumsifu Yesu Kristo. Mama alizungumza naye kila kitu, bei ya kahawa, mvua, barabara ya Kasulo, na alipotaka kuondoka akamfungia mkungu wa ndizi kwenye pikipiki. Sala alimwachia mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na pia katibu wa kwaya ya kigango chetu. Kazi zote mbili ni moja, kusahihisha. Shuleni nahangaika na l na r mpaka chaki inaisha, maana watoto wetu wanaandika kwamba baba amekwenda kupiga kula na mama amepika ugari. Kwaya nayo, mimi ndiye ninayenakili nyimbo kwenye daftari kubwa na kuwapigia kelele wanaoimba "Bwana utuhurumie" kwa namna zao. Nasema haya ili mjue ni mtu wa aina gani aliyeketi jikoni na mama yake leo.

Sasa wimbo.

Msanii simtaji, mnamjua. Yule wa Dar aliyepaka nywele rangi ya kutu, anayeimba kifua wazi huku amevaa rozari kubwa kuliko ya askofu. Wimbo wake umetapakaa kila mahali tangu mwanzo wa mwaka. Mara ya kwanza niliusikia Benako, pale malori yanapopumzika, kwenye baa ambayo asubuhi ya Jumapili hupiga nyimbo za kwaya kwa heshima na ikifika saa saba huhamia bongo fleva bila hata kupunguza sauti. Anamlilia msichana aliyemwacha. Msichana anaitwa Imani.

Kiitikio chake ni hiki:

Imani, usiniache njiani,
ulinikuta sina kitu ukaniita wako.
Imani wangu, nikianguka niinue,
kabla sijala nalitaja jina lako.

Nakiri kwamba hata mimi siku ile Benako nilisimama na mfuko wangu wa sukari nikasikiliza mpaka mwisho. Nikajiuliza, huyu mtu anamwimbia nani hasa? Nani anataja jina la mpenzi wake kabla ya kula? Hawa wasanii wetu wananichanganya. Albamu nzima ni pombe na viuno, halafu wimbo wa mwisho ni shukrani kwa Mungu, na huo wa mwisho ndio unaoliza watu. Wanaanza wimbo kwa kusema "asante Mungu" na dakika moja baadaye wanaomba kitu ambacho Mungu asingependa kusikia. Ni imani au ni biashara? Au ni mazoea tu ya mdomo, kwa kuwa wengi wao walijifunzia kuimba kanisani au madrasani, na ukimsukuma mtu aimbe kwa uchungu anatoa maneno aliyofundishwa utotoni?

Halafu nani kanipa mimi haki ya kuuliza?

Nilipokuwa chuo cha ualimu niliachwa na mtu, sitaki kulieleza hilo hapa. Nilijifunika shuka bwenini nikasikiliza wimbo mmoja wa msanii wa kidunia kabisa, mwenye jina la Mungu kwenye kiitikio na bia kwenye beti zote. Nililia, nikatubu mambo yangu yote kwa majina. Sijawahi kutubu vile kwenye maungamo. Kwenye maungamo huwa nasoma orodha.

Turudi kwa mama. Anayo redio ndogo anayoiweka dirishani jikoni, na kwetu huku redio za ng'ambo ya mpaka zinakamata kuliko za kwetu. Siku nzima nyimbo za Kirundi, za makanisa, na kila wimbo una Imana ndani yake. Imana ni Mungu. Kwa Kirundi ni hivyo, na kwa Kihangaza chetu ni hivyo hivyo. Mama alimjua Imana kabla hajajua kwamba kuna Kiswahili. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha ofisi ya kijiji.

Kwa hiyo wimbo wa yule kijana ulipopita dirishani, mama hakusikia Imani. Alisikia Imana.

Imana, usiniache njiani. Ulinikuta sina kitu ukaniita wako.

Niligundua mwezi wa tatu, nilipotoka shule nikamkuta amesimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, ugali unaungua. Kwenye "nikianguka niinue" alifanya ishara ya msalaba kwa mkono ule ule wenye mwiko. Mama yangu. Baada ya karibu miaka miwili. Nilirudi nyuma polepole nikaenda kusimama nje kwenye kahawa iliyoanikwa, nikajifanya ninaigeuza.

Kuanzia hapo akaanza kuuimba. Akichota maji, akimenya ndizi, anaimba. Akaniambia, "Huyu kijana anaomba vizuri kuriko nyinyi wa kwaya. Nyinyi mnapaza sauti tu."

Nikamwambia ni kweli, mama.

Ubeti wa pili ndio wenye mambo. Kijana anasema, umeniachia alama kwenye shati jeupe. Kila mtu Benako anajua ni alama ya nini, wanacheka na kugonga glasi. Mama akanieleza kwamba hilo shati ni vazi la ubatizo, na alama ni mafuta ya krisma. Na pale anaposema nakungoja Kimara Mwisho, ambako ni kituo cha mabasi huko Dar, mama anasikia "nakungoja mara ya mwisho". Akaniambia, "Anangoja siku ya mwisho, maskini. Na bado ni mdogo."

Nilicheka usiku ule peke yangu mpaka nikauma mto. Kisha sikucheka tena. Kila kipande cha wimbo ule kilikuwa kimepata mahali pake ndani ya mama, na pale alipokiweka kilikuwa kinafaa kuliko pale alipokiweka kijana mwenyewe.

Ningenyamaza maisha yangu yote. Naapa ningenyamaza.

Lakini Jumapili ijayo ni misa ya kumbukumbu ya Deo. Alhamisi jioni tukiwa mazoezini, mlango wa kigango ukafunguka akaingia mama. Amevaa kitenge chake cha sikukuu. Hakuwa amekanyaga mle ndani tangu siku ya jeneza. Alipiga goti, polepole kwa ajili ya magoti yake, akaenda moja kwa moja kwa mzee Sebastiani, mwenyekiti wetu.

Akasema, "Nimekuja kuomba. Siku ya mtoto wangu muimbe ure wimbo wa Imana. Mkiuimba nitakuja."

Mzee Sebastiani akauliza kwa adabu ni wimbo upi. Mama akauimba. Pale mbele ya altare, sauti yake ya kukwaruza, mstari kwa mstari, mpaka shati jeupe.

Vijana wa sauti ya tatu wakainama. Msichana mmoja wa soprano akajiziba mdomo kwa kanga na mabega yakawa yanatikisika. Wengine hawakucheka, walinitazama mimi. Mzee Sebastiani, ambaye nadhani hausikilizi muziki wa vijana, akafuta macho akasema wimbo mzuri sana, sijui kwa nini hatuna kwenye daftari. Akanigeukia. "Mwalimu, utatunakilia?"

Nikasema tutaona.

Hiyo "tutaona" imenitesa siku tatu.

Leo baada ya misa nilimfuata paroko mlangoni mwa sakristia, mvua inaanza. Nilimweleza yote, nikidhani itabidi nimfafanulie wimbo. Nilipofika "ulinikuta sina kitu", yeye akamalizia "ukaniita wako", na kwa sauti ya wimbo kabisa. Kisha akakohoa, akarekebisha kola.

Akaniambia kwenye misa haiwezekani. Nyimbo za misa zina utaratibu wake, hilo nalijua, mimi ndiye ninayewasomea wenzangu utaratibu huo kila mwaka. Akaniambia watu watacheka, na mama atacheka nao bila kujua wanamcheka nani. "Mwambie wewe taratibu," akasema, "kabla hajaambiwa na mtu mwingine vibaya." Orodha ya nyimbo anaitaka kesho asubuhi kabla hajaondoka kwenda vigango vya mbali.

Hilo la kuambiwa vibaya lilinishika. Niliwaza yule msichana na kanga yake. Nikarudi nyumbani na mvua, nimeloa, nimeamua.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake nikaanza kuchambua naye. Na nikafanya kosa, nikaanza kama mwalimu.

"Mama, ule wimbo. Hasemi Imana. Anasema Imani."

"Ndiyo. Imana."

"Imani, mama. Na i mwishoni. Ni jina la msichana. Huyo kijana alikuwa na mchumba, wakaachana. Anamwimbia huyo."

Hakunyanyua macho. Vidole viliendelea, jiwe huku, harage huku. Nikaona hajaelewa, au hakubali, na badala ya kunyamaza nikamletea ushahidi. Nikamwambia, angalia mama, ingekuwa ni imani ya dini angesema imani yangu. Lakini yeye anasema Imani wangu. Wangu. Kwa hiyo ni mtu.

Mama akafikiri. Akaniuliza, "Na Mungu? Mnasemaje huko shureni, Mungu yangu?"

"Hapana mama. Mungu wangu."

"Haya," akasema.

Nimefundisha ngeli miaka kumi na moja. Kwa sarufi yangu mwenyewe yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini sikukubali hata hapo, jamani. Nilichukua simu, nikamwonyesha video. Kijana kifua wazi, gari, bahari, na huyo msichana mwenyewe amevaa kinguo, anapanda basi. Mama alitazama mpaka mwisho. Aliishika simu kwa mikono miwili, kama anavyoshika cheti.

Alinirudishia. Mvua ilikuwa inapiga bati, tulikuwa tunasikilizana kwa shida.

Akauliza, "Yure msichana, arirudi?"

"Nani?"

"Huyo Imani. Arirudi kwa kijana?"

Nikasema sijui. Wimbo unaisha bado anamngoja.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Pore yake." Kisha akainuka, akaenda dirishani akazima redio, ingawa muda ule ilikuwa inasoma taarifa ya habari tu.

 Nilitaka kumwambia, mama, nimekosea, nimesikia vibaya, ni Imana. Angeniamini, maana mimi ndiye mwalimu. Nilifungua mdomo nikauliza ugali ni wa saa ngapi.

Hivi nilimwambia kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Nilisema namkinga asichekwe. Lakini Alhamisi, wale vijana walipoinama, aliyeona aibu hakuwa mama. Alikuwa amesimama mbele ya altare amenyooka. Aibu ilikuwa yangu, katibu wa kwaya, mwalimu wa Kiswahili, ambaye mama yake hajui tofauti ya i na a. Hili naliandika haraka kabla sijalifuta.

Na nauliza tena swali la Benako, ila sasa limenigeukia. Kama kijana yule aliweka maneno ya sala kwenye wimbo wa mchumba, na mama akayatoa kwenye wimbo wa mchumba akayarudisha kwenye sala, ni nani aliyeiba? Mungu alikuwa anasikia nini miezi yote hii kutoka jikoni kwetu? Alikuwa anasema huyu mama amekosea namba, au alikuwa anapokea? Paroko nilimwuliza hili pia, pale sakristia. Alitazama mvua akaniambia, "Mwalimu, mimi nimesomea mengine."

Mvua ilipokatika mama alivaa ndala akatoka. Sikumwuliza anakwenda wapi. Kaburi la Deo liko nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba, na baada ya mvua kubwa huwa anakwenda kuangalia kama udongo haujaondoka. Nilisubiri kidogo, nikamfuata, kwa sababu njia inateleza na yeye hataki fimbo. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Nilisimama kwenye migomba. Majani bado yalikuwa yanadondosha maji. Alikuwa ameinama anarudisha mawe ya pembeni mahali pake, moja moja, na alikuwa anaimba. Ule ule wimbo. Nilishtuka kwa furaha, nikasema kimoyomoyo, asante, hakunisikiliza. Nikatega sikio niisikie ile herufi, kama ni i au ni a. Tazama mtu nilivyo. Mama yangu yuko kaburini kwa mwanawe, mimi nasubiri irabu.

Haikuja i, wala haikuja a.

"Deo, usiniache njiani," alikuwa anaimba. "Deo wangu. Kabura sijara naritaja jina rako."

Tangu tumzike sikuwa nimemsikia akilitamka jina hilo. Alikuwa akisema "marehemu", au "mdogo wako", au anaonyesha tu kwa kidevu upande wa migomba. Leo alilisema mara nne, tano, wimbo mzima, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu aje kula.

Niliondoka bila kukanyaga jani kavu, ingawa hakukuwa na jani kavu hata moja.

Sasa ni saa kumi na moja na sielewi chochote. Miezi yote hii alikuwa anamwomba Mungu, au tangu mwanzo alikuwa anamlilia mtoto wake na Imana alikuwa njia tu? Nimemnyang'anya sala, au nimemfungulia mlango mwingine bila kukusudia? Na jina lenyewe, Deogratias, paroko wa zamani alituambia siku ya ubatizo kwamba ni Kilatini na lina Mungu ndani yake. Nikishika huku linaniponyoka kule. Ningekuwa na mwalimu wa kunisahihisha ningemkabidhi daftari langu lote.

Mama amerudi. Amenipita hapa barazani na matope miguuni, ameniambia niache simu nikakoke moto. Redio bado haijawashwa. Hajaniambia kama atakuja Jumapili na sina ujasiri wa kumwuliza.

Karatasi ya nyimbo iko hapa mapajani. Nimeandika wimbo wa mwanzo, wa matoleo, wa komunyo. Baada ya komunyo nimeacha nafasi. Kesho asubuhi nitampelekea paroko ikiwa hivyo, na akiniuliza hapa tunaimba nini, nitamwambia misa ikiisha, watu wakija hapa nyumbani kaburini, mama yangu ataimba mwenyewe, kama atapenda. Labda paroko atakubali, labda ataniona nimechanganyikiwa, na hatakuwa amekosea sana. Huenda mama akachukua jembe lake akaenda shambani kama kawaida.

Lakini akisimama akafungua mdomo, jina lolote litakalotoka, mimi sitamsahihisha.